Seli Tatu za Kijani na Wifi Yangu wa Kariakoo

Leo nimejiaibisha mbele ya duka zima, na nimeona niwasimulie mwenyewe hapa kundini kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine.

Kazi yangu mnaijua. Katika maabara yetu pale Posta tunachunguza damu ya wagonjwa wa saratani ya tumbo, tukitafuta seli za uvimbe zilizobanduka na kuanza kusafiri kwenye mishipa. Ni chache mno. Kwa hiyo tunazitia rangi inayong'aa kijani chini ya darubini, rangi ambayo seli za damu zenyewe haziipokei. Na ili kujiridhisha kwamba rangi haitudanganyi, tunapima pia damu ya mtu mwenye afya. Leo aliyeahidi kujitolea hakutokea. Nikakunja mkono wa blauzi, nikamwambia mwenzangu Neema, niliyemfundisha kazi mwenyewe, anitoe damu mimi.

Saa sita mchana nikainamia darubini. Damu yangu ilikuwa na seli tatu za kijani.

Nikahesabu upya. Tatu. (Kiungulia changu, ambacho mwezi mzima nimekisingizia pilipili, kikapata maana mpya.) Mtu mwenye busara angemwita Neema aangalie. Mimi nilitoka nje.

Niseme ukweli: wagonjwa wetu hupokea habari kama hizi kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao. Basi la mwendokasi lilipofika Gerezani nilikuwa nimeshapanga nizikwe wapi na nimeshamsamehe kila mtu. Kilichobaki ni mimi kusamehewa na wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, anayeuza vitenge Kariakoo. Miaka minne hatujasalimiana vizuri, na sikutaka kufa hivyo.

Niliingia mtaani kwao na koti jeupe la maabara bado mwilini. Kuli mwenye robota kichwani akanipisha kwa heshima.

"Pita, daktari. Ukirudi uniangalie na mgongo."

Duka lilikuwa limejaa wateja.

"Wifi, nimekuja kuomba radhi."

"Kaa kwanza. Una nini, mbona umesawajika hivyo?"

"Nina saratani."

Mkasi ukamponyoka. Nami nikaendelea, maana niliamini sina muda wa kuona haya. "Yule aliyeeneza kwamba pilau ya harusi ya mwanao hukuipika wewe, kwamba ulikodi mpishi kutoka Buguruni, ni mimi."

Zuhura akanikumbatia akalia. Kisha akateremsha mlango wa duka, mchana, siku ya kazi, Kariakoo. Mteja mmoja alinifuta machozi kwa kitenge ambacho hajakinunua.

Simu yangu ikaita. Nilikuwa bado nafutwa machozi, hivyo Zuhura akaipokea na kuiweka spika.

"Mwalimu, umeacha darubini inawaka," alisema Neema. "Halafu umetumia mrija wa kwanza wa damu. Ule wa kutupa."

Nikashika mkono pale sindano ilipoingia.

"Si wewe uliyetufundisha? Sindano ikiingia inabeba seli za ngozi, nazo zinang'aa kijani vilevile. Mrija wa pili nimeuandaa na kuuangalia mimi. Hamna kitu. Uko salama, mwalimu."

(Somo hilo nimelifundisha miaka kumi na mmoja. Mchoro wake nimeuchora mimi.)

Zuhura alikata simu. Machozi yalikuwa bado mashavuni mwake, ila huruma ilishaondoka.

"Alhamdulillahi, wifi. Kumbe huumwi."

"Siumwi."

"Basi tuzungumze kuhusu hiyo pilau."

Hukumu imetoka hapo hapo, wateja wakiwa mashahidi. Jumapili naupikia ukoo mzima pilau, peke yangu, yeye akiwa amekaa kitini ananitazama. Nilijaribu kutaja kiungulia. Akasema nitapika nacho.

Naomba msicheke. Na kwa kuwa wifi hayumo kwenye kundi hili, anayemfahamu mpishi wa kukodi aniandikie pembeni.