Joto la Kupeleka Kinangop

Jairus alimjua mteja wake kwa blanketi. Jua la Julai lilikuwa limeukaba mtaa wa Naif hata wapagazi wameacha kugombana, na pale mlangoni pa duka kuna mwanamke anachagua blanketi nzito za manyoya, anazipapasa, anazilalisha shavuni. Mtu mwenye akili timamu hanunui blanketi tatu Dubai mwezi wa saba, isipokuwa kwao kunaganda. Na mtu wa kwao kunakoganda, Jairus alikuwa na dawa yake.

"Dada, hizo ni za Limuru ama Nyahururu?"

"Kinangop. Na sijakuuliza."

"Kinangop! Woi! Basi hizo unajisumbua bure."

Mwanamke akageuka. Aliitwa Teresiah, mpiga pasi katika idara ya udobi ya hoteli moja kule Al Barsha, na soda aliyonunuliwa haijafika nusu alikuwa ameshaeleza yote. Kwa miaka minne ya kunyoosha shuka za wageni alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya mawe. Mama akalala humo siku mbili, akatoka. Nyumba ni barafu, alisema, akarudi kulala katika jiko lake la zamani, kwenye moshi, na kifua chake hakitaki moshi tena.

"Daktari amesema mwaka mwingine wa moshi hataumaliza," alisema Teresiah, akitazama soda.

Jairus alimhurumia kwa dhati, kwa muda wa sekunde tatu hivi. Kisha akaingia kazini.

Hapa lazima nimtendee haki. Jairus hakuwa tapeli wa kubahatisha. Katika stoo yake alikuwa na pampu ya joto ya kweli, ile mashine inayovuta joto kutoka hewa ya nje, hata hewa ya baridi, na kulisukuma ndani ya nyumba. Alikuwa ameinunua kwa dirham elfu tano, akiba yake yote, kutoka kwa familia ya Wazungu waliokuwa wakihama. Ndiyo ilikuwa shamba lake na ng'ombe wake. Alikuwa ameshaiuza mara sita, na haijawahi kutoka mlangoni.

Na ushauri wake, jamani, ulikuwa safi kuliko wa fundi mwenye cheti.

"Usinunue kubwa kwa sababu ya maringo," alimwambia Teresiah walipofika stooni. "Pima vyumba kwanza. Uliza kama bado inavuta wakati nje kuna sakitu, umande umeganda. Uliza vipuri vinapatikana wapi. Na usiamini stima peke yake! Stima ikipotea saa nane ya usiku, mama atafanya nini? Lazima pawe na jiko la akiba. Hili hapa, la chuma, la kuni, lina mlango na bomba. Moshi wote unatoka nje."

Akawasha mashine. Nje ilikuwa nyuzi arobaini na tatu, na ndani ikazidi. Clifford, mshirika wake, alitoka mbio akishika ukuta. Teresiah alibaki mbele ya ile hewa ya moto, jasho likimtiririka, anacheka peke yake.

"Vyote viwili, dirham elfu mbili tu," akasema Jairus. "Kwa ajili ya mama."

Mtu asiyekusudia kutoa kitu huwa mkarimu ajabu. Akaongeza na karatasi ya dhamana ya miaka miwili, jina kamili na sahihi.

Utamu wa kazi yenyewe ulikuwa kwenye maombi. Mkenya wa bara hatumi mzigo wa maana nyumbani bila kuuombea. Gari huombewa, nyumba huombewa, hata friji. Na watu wakiomba hufumba macho. Nyuma ya pazia la stoo kulikuwa na sanduku la pili la mbao, pacha wa lile la kweli, limejaa mchanga, uzito uleule, nalo liko juu ya toroli. Jairus anaomba, Clifford anabadilisha. Toroli likilia kwiii, Jairus anapandisha sauti.

Ijumaa, ambayo ndiyo Jumapili ya makanisa ya kule, baada ya ibada, Teresiah alikuja na pesa. Alikuja pia na Lynette, mlinzi wa duka kubwa, mwenye mabega ya kubeba kabati. Walitazama mashine na jiko vikifungwa sandukuni, misumari ikapigwa. Lori la mizigo lilikuwa linangoja nje.

"Tuuombee mzigo," akasema Jairus kwa upole.

Wakafumba macho. Jairus aliombea meli, bandari na barabara ya Naivasha, na kwiii ya kwanza ilipotoka akanguruma, "Baba, TUNAKUSHUKURU!" Alipofika amina, mchanga ulikuwa umesimama mbele na pampu imelala nyuma ya pazia. Khalas, imekwisha. Clifford akafungua kalamu ya wino mzito aandike jina sandukuni.

"Ngoja kwanza," akasema Teresiah. "Kwetu mnunuzi naye hushukuru. Njooni mnishike mikono."

Akamshika Jairus mkono wa kulia na Clifford wa kushoto. Jairus hakuona shida, kazi si ilikuwa imekwisha? Akafumba macho, na Clifford, ambaye baba yake ni mzee wa kanisa kule Vihiga, akafumba zaidi.

Teresiah alijua kuomba. Alianza chini, na kifua cha mama. Akamshukuru Mungu kwa ndugu Jairus aliyemfundisha kupima vyumba, kuuliza vipuri, kutoiamini stima. Jairus alijikuta ameguswa. Mara sauti ikalipuka, "Baba, TUNAKUSHUKURU! TUNAKUSHUKURU!" hadi mabati yakaitikia. Kwa mbali toroli lililia, lakini Naif hakukosi matoroli. Huyu dada ana sauti, aliwaza Jairus kwa heshima ya mwenzake wa kazi.

"Amina," akasema Teresiah.

"Amina," akasema Lynette, akihema kidogo.

Clifford akaandika jina. Lori likaondoka. Yalla, twende.

Jumatatu alipatikana mteja wa Molo. Jairus alivuta sanduku kutoka nyuma ya pazia, akang'oa misumari kwa madaha, akainua kifuniko. Mteja akachungulia, akamtazama Jairus, akachungulia tena, kisha akaenda zake. Jairus alibaki amechota mchanga mkononi. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa baharini, kimeuzwa kwa chini ya nusu ya bei, kihalali kabisa, na dhamana juu.

Simu ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa Teresiah. "Mjomba wa Lynette kule Nyahururu bado ana mchanga wenu. Anasema haupashi joto. Asante kwa ushauri, ulikuwa mzuri sana."

Kwa wiki sita Jairus hakutaka kusikia neno joto. Kisha simuni ikaingia sauti ya kurekodiwa, ya mwanamke mzee, pole pole, bila kikohozi.

"Wewe ndiye Jairus? Mimi ni mama Teresiah. Nimeona jina lako kwa hii karatasi, tumeibandika ukutani. Nalala kwa nyumba sasa. Jana nimevua soksi, mwanangu. Tangu nizaliwe sijalala bila soksi. Mungu akubariki wewe na watoto wako."

Walisikiliza mara mbili. Clifford alijifuta uso na shati.

"Tumjibu nini?"

Jairus aliutazama mchanga wake.

"Andika amina," akasema.