Meno Meusi Ukweni Mbekenyera

Jamani, leo nimeadhirika ukweni. Nawaandikia mwenyewe kabla mpwa wangu Shaibu hajaniwahi, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnanijua. Kwa watoto wa dada zangu mimi ndiye mjomba, na huku kwetu mjomba asipotia neno hakuna posa. Leo ilikuwa zamu ya Shaibu. Tunatoka Naipingo, tunakwenda kuposa Mbekenyera. Kanzu nimeinyoosha tangu jana. Maneno nimeyakariri. Nilikuwa najisikia, siwafichi! (Ukubwa jalala, wanasema. Sawa, lakini jalala hili lilivaa kanzu.)

Nyumbani hatuna kioo tangu mbuzi akivunje, kwa hiyo asubuhi nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Mungu wangu! Meno meusi tii!

"Somoe!" nikamwita mke wangu. "Meno yangu yamekuwaje?"

"Siku nne hizi nakwambia. Ukasema nina wivu."

Nikasugua kwa chumvi. Wapi! Nikasugua kwa mkaa. (Naondoa weusi kwa mkaa. Mtu mzima mimi.) Nikamalizia na limau mpaka meno yakaingia ganzi. Rangi haikusogea hata kidogo. Shaibu akaniletea barakoa, nikavaa, tukaondoka.

Mbekenyera tukapokewa vizuri, tukakaribishwa mkekani. Upande wao alikuwepo mjomba wa binti, na bibi yake, mama mmoja mwenye macho makali.

"Mgeni, unaumwa?" bibi akaniuliza.

"Mafua tu, mama."

"Basi ivue hiyo. Mafua hatuyaogopi. Mtoto wetu hatumtoi kwa mtu tusiyemwona sura."

Nikavua. Nikaanza maneno yangu kwa sauti ya kiume, na sikufika mbali.

"Hee! Meno gani hayo?" bibi akashika mdomo.

Mjomba wao akasogea, akachungulia. "Hayo ni ya ukoo?"

"Hapana, mzee mwenzangu!"

"Basi na kijana naye afumbue kinywa."

Shaibu akafumbua. Shemeji yangu, baba yake Shaibu, akafumbua. Hata dereva aliyetuleta akafumbuliwa, na wala si ndugu yetu! Tulikaguliwa kama mbuzi mnadani. Wenzangu wote walikuwa na meno meupe, lakini mjomba wao hakuridhika. "Ugonjwa wa ukoo huanza ukubwani," akasema, akaanza kukunja barua ya posa aturudishie.

Shaibu machozi yakamlenga. Kijana wa watu amemngoja huyu binti miaka mitatu amalize chuo. Nikasikia uchungu kweli, maana mimi mwenye kujisifu ndiye niliyekuwa namharibia.

"Aitwe binti mwenyewe," bibi akasema. "Akatae kwa kinywa chake."

Zainabu akatoka, amejitanda khanga, ameinamisha kichwa kama desturi inavyotaka. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Binti akainua uso, akanitazama mdomoni. Sasa huyu binti chuoni amesomea utabibu wa meno. Desturi ikaishia hapohapo.

"Mjomba, unatumia dawa ya kuongeza damu? Ile ya maji?"

"Ndiyo. Malaria ilinipunguza damu, wakanipa."

"Unainywaje?"

"Nasukutua nayo kwanza." (Isipotee bure, jamani!)

Watu wakaguna. Binti hakucheka hata kidogo.

"Na choo chako kimekuwa cheusi?"

Ndugu zangu. Ukweni! Mbele ya bibi, mbele ya sinia la ubwabwa! Nikaomba ardhi ipasuke, ikakataa. Shaibu akaninong'oneza, "Mjomba, nakuomba, jibu."

"Cheusi," nikasema.

"Cheusi kiasi gani?"

"Kama kitako cha sufuria."

Bibi akaanguka mkekani kwa kicheko. Dereva akatoka nje kabisa.

"Ni dawa, si ukoo," Zainabu akawaambia. "Ina madini ya chuma, yanagandia juu ya meno. Mjomba, dawa usiiache. Changanya na maji, vuta kwa mrija, kisha sukutua kwa maji safi. Ukienda kliniki ya meno watakusafisha, weusi utatoka wote. Mkaa na limau acha, vinakula jino." Kisha akamgeukia mjomba wake. "Na posa nimeikubali."

Barua ikakunjuliwa. Tukala ubwabwa.

Nimerudi Naipingo kifua mbele, nacheka na meno yangu meusi barabara nzima. Nimemposea mpwa wangu kichwa, si mke tu! Mwenye mkwe kama huyo Nachingwea nzima ajitokeze.

Ila msinicheke, nawasihi. Jina langu mkwe wetu bado hajalishika vizuri, lakini choo changu anakijua.