Mashine Yangu Haikosei

Jumatatu, 4 Machi
Habari njema! Mkuu wa kituo ametangaza kwamba gari letu la wagonjwa litapata kifaa cha kupimia vidonge vya mitaani. Watu wanameza vidonge bandia vya maumivu, kumbe ndani mna fentanili, dawa kali kupita kiasi, wanalala wasiamke. Ijumaa tutajaribu vifaa viwili na kuchagua kimoja. Mimi, mtunza stoo, nimeshachagua: mashine ya miale, inayosoma kidonge kwa kukimulika. Inashikika mkononi, ina kioo, ina taa, inalia. Nesi wetu anataka vijikaratasi vya kuchovya majini. Vijikaratasi! Kifaa kitakabidhiwa kwa aliyekipigania. Nimeshaiona mashine ikining'inia kiunoni mwangu.

Jumanne, 5 Machi
Mdogo wangu karudi kutoka kazini mgongo umekakamaa. Anahamisha makabati ya watu, ghorofa juu ya ghorofa. Nimemkanda kwa maji ya moto, akalalamika kwamba nina mikono ya seremala. Mama alipofariki, mtoto huyu alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Nilimfundisha mimi, tena vibaya, zinamfunguka mpaka leo. Kasema mwenzake kazini kamuuzia vidonge vizuri. Nimemwomba kimoja cha Ijumaa. Parasetamoli ya kawaida kabisa, mashine itaitambua papo hapo, watu watapiga makofi. Akili ninayo!

Alhamisi, 7 Machi
Nimeficha maelekezo ya vijikaratasi chini ya boksi la glavu. Kesho nesi atababaika mbele ya mkuu. Nilitaka kuyasoma kwanza, nikaona uvivu. Mchana nesi kanigawia nusu ya chungwa lake. Roho imeniuma kidogo. Chungwa nimelila.

Ijumaa, 8 Machi
Nitaandika kama ilivyotokea.

Nilielekeza mashine kwenye kidonge. Ikalia. Taa ya kijani. Kioo kikaandika parasetamoli. Makofi! Nikainama kidogo, nikashukuru.

Nesi hakuulizia maelekezo hata kidogo. Kumbe anayajua kwa kichwa. Akasaga kipande cha kidonge kile kile, akakikoroga majini, akachovya kijikaratasi. Ukatokea mstari mmoja. Nikacheka kwa sauti. Mke wangu alipopima mimba, mstari mmoja ulikuwa hakuna kitu! Nikamwambia mkuu kwamba hata karatasi imekubaliana na mimi.

Nesi hakucheka. Akasema hivi vinasomwa kinyume: mistari miwili ni salama, mmoja ni fentanili. Mashine, akasema, inaona kilicho kingi tu. Sumu kidogo inajificha nyuma ya parasetamoli. Kisha akaniuliza, taratibu, "Kaka, kidonge hiki umekitoa wapi?"

Mdogo wangu alikuwa kapewa mapumziko leo. Alisema havimezi siku za kazi visimlaze; leo atameza kimoja mchana, alale.

Sikumbuki ngazi za kituo. Nakumbuka nesi akimhimiza dereva, na mimi nikipiga simu isiyopokelewa. Tulimkuta kitandani, midomo imepauka, anavuta pumzi moja halafu kimya kirefu. Nesi akampulizia puani dawa ya kuzima fentanili. Nikamshika mguu, sijui kwa nini mguu. Nikamwita kwa jina la utoto ambalo hataki watu walisikie. Nesi akampulizia tena.

Akafumbua macho. Akanitazama weee, akasema, "Kaka, mbona umepanda kitandani na viatu?"

Nimelia mbele ya dereva. Sijali.

Jumamosi, 9 Machi
Wodini. Anaendelea vizuri, ananuna kwa sababu ya uji. Vidonge vilivyobaki nesi kavichukua, na yule aliyemuuzia mdogo wangu kaonywa; naye alikuwa anavimeza, maskini. Nimekiri kwa nesi kuhusu boksi la glavu. Kasema alijua tangu Alhamisi, aliona miguu yangu ikichungulia nyuma ya rafu. Hakunisema kwa mkuu. Mwanamke huyu! Nimeshindwa hata kumchukia vizuri.

Jumanne, 12 Machi
Vijikaratasi vimeshinda, anavishika nesi. Haki yake. Mdogo wangu karudi nyumbani. Daktari kampa mazoezi ya mgongo: alale chali, akunje goti, apumue. Ndiyo hayo tu! Mtu kanusurika kufa, anaambiwa akunje goti.

Siwezi kukaa tu nikimwona anaumia. Nimekwenda sokoni, nikamnunulia mkanda wa sumaku. Muuzaji kaapa unatibu mgongo, figo na usingizi. Una betri, una kioo kidogo. Mdogo wangu kaniuliza nimejuaje kwamba unafanya kazi. Nikamfunga kiunoni, nikabonyeza kitufe, nikamwonyesha. Taa ya kijani!