Mji Usio na Moshi Ushushwe Ukutani

Kwa Mwalimu Mkuu Narmandakh,
Shule ya Mlimani, Ulaanbaatar.

Mheshimiwa Mwalimu,

Natumaini mifugo ya ndugu zako imenona na baridi haijawabana sana. Mimi ni Luvsandorj, dereva mstaafu wa lori la makaa ya mawe, babu yake Khongorzul wa darasa la saba. Jana mlinialika kwenye maonyesho ya wanafunzi, "Miji ya Asia ya Kesho". Nikaikuta Ulaanbaatar yetu ina mapangaboi ya upepo kila kilima, sola kila paa, na anga la Januari la buluu tupu. Sikupata usingizi. Naomba michoro hiyo ishushwe, kwa sababu hizi:

1. Moshi wa majiko yetu ya makaa ni stara. Kila majira ya baridi jirani yangu Tumurbat huusogeza uzio wake kwangu, nami huusogeza wangu kwake, na kwa kuwa hakuna anayemwona mwenzake, tunaishi kwa amani. Moshi ukiondoka tutaonana, na tukionana patachimbika.

2. Asubuhi ya Mwaka Mpya chai ya kwanza tunaupa moto, pamoja na kipande cha mafuta ya kondoo. Katika mji wenu hakuna moto, kuna waya ukutani. Je, chai niimwagie soketi? Nilimuuliza mwalimu wa sayansi kwa heshima zote. Alicheka mpaka akaketi. "Mzee wangu, ukithubutu, sikukuu utaila na mababu zako!"

3. Kwetu mkaza mwana huwasha moto wa kwanza mbele ya wakwe, nasi humpima papo hapo. Mke wangu Dulamsuren alilijaza moshi hema zima, mama yangu akatoka nje machozi yakimbubujika, na tangu siku hiyo hakuthubutu kumchokoza. Huyu wa kubonyeza swichi tutampimaje? Ndoa zitakosa msingi, watoto hawatazaliwa, nawe Mwalimu utabaki unayafundisha madawati.

4. Moshi ukizidi, shule hufungwa. Wanafunzi wako wanachora mji usio na likizo hiyo, na kwa rangi za kupendeza! Hawajui kwamba wanajipalia makaa.

5. Hili ndilo lililoniuma. Khongorzul ameuchora mtaa wetu wote. Yumo yeye mwenyewe, mtu mzima, amebeba mtoto. Wamo wana wa Tumurbat. Mbwa yumo. Mimi simo! Nilipomuuliza, alinijibu bila kupepesa macho: "Babu nawe! Huo ni mwaka 2060. Na kikohozi chako hicho, hebu piga hesabu."

"Mbona mbwa yumo?"

"Huyo ni kitukuu wa huyu wetu."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nyumbani nililia, Mwalimu, sikufichi. Mji ambao mimi simo, wa nini?

Kwa hayo machache, naomba hatua za haraka zichukuliwe. Nisalimie walimu wote, mpishi, na mlinzi wa lango ambaye alinishika mkono kwenye barafu. Mwalimu wa sayansi naye msalimie, ingawa kidogo tu.

Wako mtiifu, mwana wa makaa,
Luvsandorj

N.B. Nimeandika mambo yote hayo, kisha Dulamsuren akainyakua barua akaisoma. "Mzee mzima unautetea moshi, huku unakohoa mpaka birika linatikisika! Huna haya wewe?" Nilitaka kumjibu, pumzi ikakataa. Kwa hiyo, Mwalimu, sababu zangu zote tano zipuuze. Michoro ibaki ukutani, na mapangaboi muyaongeze. Ninachoomba ni kimoja: watoto wafute 2060, waandike mwaka kesho. Nataka nimwone mjukuu wangu amekua. Nataka na mimi niwemo.