Steringi Wenu Hajui Kupiga Hodi

Evodia, muuza asali,
Stesheni ya Itigi,
Singida, Tanzania.

Kwa Watengenezaji wa Sinema za Farasi,
Italia, Hispania na kokote mlikohamia.

Ndugu zangu wa mbali,

YAH: SALAMU ZILIZOPOTEA KATIKA SINEMA ZENU, NA MCHUMBA WA MJUKUU WANGU ALIYEPOTEA NAZO

Nimeacha nafasi hapa chini ya kuweka shikamoo zenu.

....................................

Marahaba. Kama kati yenu yupo aliyenizidi umri, shikamoo yake ni hii, aichukue yeye peke yake, wengine wasiiguse. Sasa tunaweza kuongea kama watu.

Mimi nauza asali hapa stesheni. Nimezika mume, nimekuza watoto, na sasa nakaa na mjukuu wangu Leah, ambaye mama yake aliniachia akiwa hajaota meno. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Mkikuta kosa humu, mjue siku ya somo hilo mtoto alikuwa analia.

Antipasi ndiye mwenye kibanda umiza cha hapa, yaani lile banda la mabati lenye televisheni moja na mabenchi ya kumkomoa mtu kiuno. Siku hizi anaonyesha sinema zenu kila mchana. Anasimama pembeni na kipaza sauti, anatufasiria. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba nimekuwa nawalaumu Wamarekani bure. "Bibi, hawa si Wamarekani. Ni Waitalia, na hilo jangwa unaloliona ni la Hispania." Nikasema kumbe! Watu wazima mnafanya fujo, mnavaa jina la jirani. Basi lawama nimeihamisha, naileta kwa wenyewe.

La kwanza. Huyo steringi wenu, yule shujaa wa sinema, anafika mji wa watu, ukoo wake hatuujui, anakotoka hatukujui. Mzee amekaa barazani, anampita. Mama anaanika nguo, anampita. Anafika kwenye kilabu cha pombe, mlango wenyewe nusu, juu wazi, chini wazi, mbuzi anapita bila kuinama, naye anausukuma kwa kifua na kuingia. Hodi iko wapi? Nani kamkaribisha? Hapa kwetu mtu wa namna hiyo angeulizwa na balozi wa nyumba kumi kabla hajamaliza kumfunga farasi.

La pili, midomo. Nimekaa benchi la mbele nikaitazama vizuri. Mdomo unafunguka, sauti haijafika. Sauti inafika, mdomo umeshafungwa. Hapo hapo Antipasi anamwaga Kiswahili chake juu. Mtu mmoja anasemewa na watatu, na hakuna anayejua mwenyewe alisema nini. Ndiyo maana hawaishi kugombana.

La tatu. Mnaua watu kama mnaokota kuni, na msiba sijauona hata mmoja. Mtu anaporomoka kutoka juu ya paa, wenzake wanarudi kunywa. Hakuna aliyefunga turubai, hakuna mama aliyebeba unga kwenda kusaidia, hakuna anayeuliza marehemu ameacha nani. Majonzi yote mnatuachia sisi watazamaji. Juzi alipigwa risasi yule fundi wa majeneza, mzee wa watu, hana ugomvi na mtu. Kina mama wa benchi langu tukasema "Masikini!" kwa pamoja. Vijana nyuma wakatucheka: "Acheni kulia, huyo si steringi! Steringi hafi!" Nikageuka nikawauliza, asiye steringi hana mama? Ikabidi Antipasi aisimamishe sinema mpaka tulipomaliza kumwombea. Ile ilikuwa kazi yenu, tumewafanyia sisi.

La nne. Mimi ni mtu wa stesheni, hapa msinidanganye. Treni yenu inafunga breki, abiria wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope, na hakuna hata mwanamke mmoja anayekimbilia dirishani na asali, mayai ya kuchemsha au kuku wa kukaanga. Stesheni gani hiyo? Wanaoikimbilia ni majambazi tu. Mngeweka wauza asali wachache wenye vifua kama mimi, majambazi wangekosa pa kupita. Na hayo maharage wanayokula kwenye kikaango, yamelimwa wapi, na nani? Mji mzima sijaona jembe.

La tano ndilo lililonishikisha kalamu.

Leah ana mchumba, Derick, fundi pikipiki. Kijana huyo nilimpenda mimi kabla Leah hajampenda. Zamani akiniona kwa mbali alikuwa anazima pikipiki, anashuka, anavua kofia, ndipo anasema, "Shikamoo bibi." Nami naitikia taratibu, niifaidi. Shikamoo ya mtu aliyeshuka si sawa na ya mtu anayepita akiunguruma.

Zikaja sinema zenu. Humo wanaume wawili wanasimama barabarani wanatazamana. Hawasemi. Mnatuonyesha macho, mnatuonyesha mkono, mnarudi kwenye macho, jicho moja limejaa televisheni nzima kama sinia la harusi. Ningeweza kusonga ugali, tukala, nikasugua sufuria, nao bado wanatazamana. Antipasi akiona kimya kimezidi na hana cha kufasiri, anajitungia. Anavuta sauti nzito: "Hapo wote wanajua, anayesema kwanza ndiye anayekufa." Neno hilo vijana wote wa Itigi wamelimeza.

Siku ya Derick kuja kujitambulisha, uwanja ulifagiwa tangu alfajiri. Mshenga wake, mzee Laurenti, alipasukiwa na tairi ya baiskeli njiani, kwa hiyo kijana akatangulia peke yake. Mimi niko jikoni kwangu nje, nasonga ugali wa uwele. Nikainua macho. Amesimama penye uzio wa minyaa. Kofia ya pama. Kijiti mdomoni. Gambuti za mvua, kiangazi hiki!

Sikusema kitu. Niseme kwa nini? Mdogo ndiye anayeanza. Yeye naye hakusema, maana anayesema kwanza ndiye anayekufa. Nikasimama na mwiko wangu. Akanikazia macho, nikamkazia. Upepo ukapita na vumbi lake. Kuku wakaondoka. Leah akachungulia dirishani, "Bibi jamani!" Nikamwambia, "Tulia." Ugali ukaanza kuungua, nausikia puani, sikugeuka. Mwishowe nikasema, "Asiye na salamu hana mke hapa. Nenda." Akageuka, akaondoka polepole bila kutazama nyuma, gambuti zinalia kwap, kwap, kwap. Baadaye nikakumbuka kwamba kwa sheria zenu mimi ndiye niliyesema kwanza, kwa hiyo mimi ndiye marehemu. Hilo nalo limeniudhi.

Tangu siku hiyo Leah ananiamkia vizuri, maji anachota, chakula anapika, lakini hacheki nami. Alikuwa ananisuka huku anaimba. Sasa ananisuka kimya, na anavuta. Nikimwambia waume wapo wengi, ananitazama kwa jicho lile lile lenu. Na kwa siri nawaambia, sitaki mume mwingine wa Leah. Namtaka huyo huyo, ila na salamu yake, kama mlivyomkuta.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote. Steringi wenu akifika mahali, asimame nje, apige hodi mara tatu, asubiri. Akikuta mzee, ashuke kwenye farasi na kumwamkia, hata kama mzee huyo ndiye anayetaka kumuua; waamkiane kwanza, wauane baadaye. Mlango wa kilabu utieni mbao iliyobaki. Akifa mtu, sinema isimame mpaka azikwe, na watu wapate kula. Najua mtasema sinema zimeshatengenezwa. Zikusanyeni zote, dunia nzima, mzitengeneze upya. Na kama huko Hispania pamewachosha, njooni Itigi. Miiba tunayo, kichaka chetu kimekaza hata nyoka anaingia kwa kujipanga. Vumbi mtachagua rangi. Treni ipo. Wanaume wa kukaa na kukodoa macho bila kusema tunao tayari, hamtahangaika kuwafundisha.

Yote hayo yakiwashinda, basi moja tu. Mleteni steringi mwenyewe aje amwambie Derick kwamba kumwamkia bibi hakuui. Kijana huyo hasikii la padri wala la mama yake, anawasikiliza ninyi. Antipasi anasema sinema ni za zamani, steringi huyo atakuwa babu sasa. Vizuri. Mzee mwenzangu atanielewa bila kufasiriwa.

Wasalimieni wake zenu na watoto. Msalimieni fundi wa majeneza, kama alipona. Wasalimieni farasi wote, hasa yule mweupe anayechechemea. Katika sinema zenu zote ni yeye tu niliyemwona akiinamisha kichwa anapofika kwa watu.

Wenu katika kungoja jibu, na jogoo wa mgeni wenu ameshafungwa kamba,

Evodia
(Mama Asali, ukishuka treni uliza yeyote)

Nyongeza. Kabla ya kuipeleka barua posta, Jumapili baada ya misa nilirudi kwa Antipasi kuhakikisha sijawasingizia. Benchi la mbele, kama kawaida ya mkaguzi. Wamesimama wawili mbele ya kanisa bovu. Macho. Mkono. Macho. Jasho linamtiririka adui mpaka kwenye ndevu. Hapo hapo mtu akachuchumaa pembeni yangu, kofia mkononi, akasema, "Shikamoo bibi." Alikuwa Derick. Nami, ndugu zangu, nikamwinulia kiganja: "Nyamaza! Anatoa bunduki!"

Banda zima likageuka. "Bibi hajaitikia! Bibi Evodia ameiacha shikamoo chini!" Msinicheke. Tangu nizaliwe sijawahi, na ningeitikia, nilikuwa nangoja risasi ilie tu. Mara umeme ukakatika. Giza tupu, joto la mabati, hakuna anayemwona mwenzake. Najua bado yupo, nasikia gambuti zinajikanyaga. Kisha ikaja ile sauti yake ya kushuka kwenye pikipiki: "Shikamoo bibi." Sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Nikaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Walishangilia kuliko wanavyomshangilia steringi.

Posa wanaileta Jumamosi, mzee Laurenti ameshanunua tairi. Jogoo wa mgeni wenu atawahi kazi hiyo, msije kwanza. Jana Leah alinisuka huku anaimba.

Kwa hiyo sinema msiziguse. Mlango nusu uacheni, hewa inaingia. Kimya chenu ongezeni kama mnaweza. Nina shida moja tu: nani alipiga kwanza? Umeme uliporudi Antipasi akasema sidii imekwaruzika, akaweka nyingine. Derick alishaiona zamani, yote mpaka mwisho. Nimemuuliza, nimembembeleza, nimemtishia na posa yake. Ananitazama, kijiti mdomoni, anasema, "Bibi, anayesema kwanza ndiye anayekufa."

Nijibuni upesi, kabla ya Jumamosi.