Kiti Kinachotazama Gwaride

Jumanne, 3 Juni

Wifi yangu kagawa nafasi za roshani yake leo. Gwaride la sikukuu ni Jumamosi. Kila mwaka linapita chini ya roshani ile, na kila mwaka anagawa viti kama anagawa urithi. Jirani yake mwenye saluni, kiti cha mbele. Mume wa mwenye saluni, kiti cha mbele. Mimi, mke wa kaka yake wa tumbo moja, niliyemshonea mapazia ya nyumba nzima: ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya mlango. Akasema nisiwe na wasiwasi, ndoo ni imara.

Ndoo!

Nikamwambia asihangaike, mwaka huu nina kiti changu, kizuri kuliko vyote vya kwake. Akauliza kiko wapi. Nikamwambia ataniona.

Sina kiti chochote. Mdomo umetangulia, miguu itaufuata.

Alhamisi, 5 Juni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni za kusuka. Alfajiri mimi na Baba Watoto tumebeba kochi la sebuleni mpaka ukingo wa barabara kuu, tukalitua mbele kabisa. Nani atathubutu kulisogeza? Nikamwachia zamu ya kwanza, nikarudi kwenye cherehani.

Saa nne akatokea mlangoni, hana kochi, hana viatu. Kumbe alijinyoosha kidogo tu, usingizi ukampitia. Wafagiaji wa manispaa wakadhani kochi limetupwa. Wakalipakia kwenye lori la taka, na mwenyewe juu yake. Kaamkia jalalani! Eti ni miaka mingi hajalala vizuri namna ile.

Chakula cha jioni tumekula mkekani.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekipata! Nimekipata!

Nilikuwa natembea barabara kuu, macho juu kama mtu anayetafuta mwezi. Ghorofa ya kwanza, ng'ambo ya roshani ya wifi, dirisha pana. Ndani yake kiti. Kiti gani! Cha ngozi, kinalala, kina pa kuwekea miguu, kina taa yake, kina hata gilasi ya maji pembeni. Rais mwenyewe hana.

Ni kwa daktari wa meno. Watu wanamwita Koleo. Nikapanda ngazi mbio. Msaidizi wake, dada mmoja mkavu kama biskuti, akasema kesho ni sikukuu, wanafungua kwa wagonjwa wa dharura tu.

Nikashika shavu nikalia. Dada akaniandikia saa tatu asubuhi.

Nyumbani Baba Watoto akauliza ni jino lipi linaniuma. Nikamwambia nitachagua nikifika.

Jumamosi, 7 Juni

Siku kubwa. Naandika kwa shida, shavu limekuwa kama andazi.

Nilifika nimevaa gauni la sherehe. Nikalazwa kitini. Raha! Nikachagua gego la kushoto, ili kichwa kigeukie dirishani. Daktari akagonga, akachungulia, akasema jino ni zima kabisa. Nikamwambia maumivu yamehama. Akagonga la pili. Zima. Nikamwambia yamerudi kwenye lile la kwanza. Nikamuuliza habari za wazazi wake, za masomo yake, za dawa za mswaki. Muda ukasogea.

Ngoma zikasikika mbali. Na daktari, mtu wa ajabu, akaniacha akaenda kusimama dirishani! Mgongo mpana, koti jeupe, sioni hata bendera moja. Nikaguna. Hakugeuka. Nikapiga ukelele. Akarudi, koleo mkononi, amekasirika.

"Mama, chagua. Ama jino linatoka, ama unatoka wewe."

Nikatazama nje. Zimamoto ndio walikuwa wanakunja kona, magari yanang'aa. Ng'ambo, wifi kakaa katikati ya roshani, darubini shingoni, anatafuta mahali nilipo.

Nikafungua mdomo.

Sindano ya ganzi, mtu anaweza kuipenda. Daktari akasema tusubiri ishike, akakaa kando. Dirisha lote likawa langu! Zimamoto wakapita. Wanafunzi wakapita. Wacheza sarakasi wakapita wakitembea juu ya miti mirefu waliyojifunga miguuni, mmoja akanichungulia ana kwa ana, akavua kofia. Kisha likaja lori lililopambwa kama meli, refu kama nyumba. Likafika mbele ya roshani ya wifi. Likakohoa. Likazimika.

Pale pale! Likaziba roshani yote. Bendi ikaanza kulizunguka kwa upande wangu, na wageni wa wifi wanaangalia ubavu wa meli ya makaratasi. Kupitia mwanya kati ya tanga na mlingoti, nikamwona anapanda juu ya kitu. Nikakaza macho. Ndoo!

Jino lilitoka matarumbeta yakiwa chini ya dirisha. Nililia, hakuna aliyesikia. Nilipunga mkono ili daktari aache, na kiongozi wa bendi akaupokea, akanipigia saluti.

Wifi aliiona saluti hiyo.

Jumapili, 8 Juni

Wifi kaja asubuhi kunipa pole. Pole gani, kaja kupeleleza. Kauliza nani kanikaribisha kwenye ofisi ile, na kwa nini bendi ilinipigia saluti. Sikuweza kuongea. Nikainamisha kichwa tu, kama wanavyofanya wakubwa. Aliondoka hajamaliza chai.

Baba Watoto kauliza, kwa upole, kama sasa nimejifunza. Nikamwandikia kwenye karatasi: sana.

Maana redio imetangaza kuwa mwaka kesho gwaride litabadili njia. Litapita mbele ya hospitali ya wazazi. Naijua, mapazia yake nilishona mimi. Vitanda vya kuinuka kichwani, madirisha mpaka sakafuni, na chai inaletwa.

Nina miaka hamsini na minane. Lakini kwa mto wa saizi ya kati, na gauni pana, na kulia ninakojua mimi, nani atanirudisha mlangoni?