Weldon Amelifunga Gari Langu

Jumatatu, 9 Juni 2025. Lanet.
Gari limerudi kutoka kwa fundi Weldon. Simwamini. Zamani nilibadilisha plagi mwenyewe hapa uani. Hili eti hata breki lazima zichomekewe kompyuta kwanza! Tundu la ufunguo halina. Ufunguo unakaa mfukoni, unabonyeza kidude, sauti ya mama wa Kijapani inakusalimia kwenye dashibodi. Halafu kwenye grupu ya mtaa wameandika kwamba siku hizi mafundi hunasa mawimbi ya ufunguo wakiwa mbali. Mimi si mjinga. Nimeufunga kwa foili ya jikoni. Mke wangu Joan ameuliza foili yake imeenda wapi. Nimejifanya nasoma gazeti.

Jumanne, 10 Juni.
Limegoma! Nikibonyeza linalia tii, kisha linaleta picha nyekundu ya ufunguo. Ufunguo ninao mfukoni, linauliza nini? Huyu ni Weldon. Amelifunga kwa kompyuta yake ili nirudi kwake nikilia. Na Jumamosi tunapeleka posa ya kijana wetu Maxwel huko Subukia. Niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba tutaenda kwa gari langu, si kwa pikapu ya shemeji Ndung'u, ile anayoikaza kwa waya.

Alhamisi, 12 Juni.
Nimetoa betri, nikairudisha. Sasa hata redio inadai namba ya siri. Kwa Kijapani! Nikapita karibu na gereji ya Weldon kama mtu anayeenda dukani. Akaniona, akacheka. Ushahidi wa kutosha. Akasema, boss, leta ufunguo niuangalie. Ati nimpe ufunguo! Ndivyo wanavyoanza. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba nimeshamjua, na polisi nao watamjua. Akaacha kucheka. Safi.

Jumamosi, 14 Juni, asubuhi.
Aibu tupu. Ndung'u aliingia getini akipiga honi, na shangazi zangu wakaanza kupanda pikapu na nguo zao za kanisani. Maxwel hakutaka hata kuniangalia. Joan naye akanipekua mfukoni, akabandua foili yake afungie chapati za njiani, akanirushia ufunguo. Nikabonyeza basi tu, ili nionekane nimejaribu. Likawaka! Mama wa Kijapani akasalimia! Nilijua. Weldon ameogopa polisi, amelifungua. Shangazi wakashuka kwenye pikapu mmoja mmoja, na mimi nikafuta machozi kwa furaha.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni. Subukia.
Posa imekubaliwa. Ndung'u ametangulia kurudi na pikapu yake tupu. Lakini Weldon hawezi kukubali kushindwa hivi hivi, lazima atalipiza. Kwa hiyo nilipomaliza chapati nikaichukua foili, nikaufunga ufunguo mara tatu. Wakwe wote wakatoka getini kutuaga. Nikabonyeza.

Tii!

Amenifuata mpaka huku! Joan anasema nimpigie simu huyo Weldon. Sithubutu. Wakwe bado wanapunga mikono.